Kupiga mbizi kwa pumzi moja ukiwa peke yako: mipaka yangu na vile naifuata

Sisi wa Nairobi tuna shida yetu, bahari iko mbali karibu kilomita 500 lakini bwawa liko hapo tu kwa esteti, sasa mazoezi ya kubana pumzi mtu atayafanyia wapi? Kwa bwawa, Jumanne asubuhi, peke yake, ju marafiki wote wako kazini. Na wengi tunaona hapo ndio salama kabisa, maji ni ya mita moja na nusu, vigae unaviona, laifgadi yuko. Mimi niliamini hivyo mpaka siku nilizima, yaani nilipoteza fahamu ndani ya maji.

Nilikuwa nataka kwenda na kurudi chini ya maji bila kutoka, mita 50, bwawa lenyewe ni la 25. Kabla ya kuingia nikahema haraka haraka kama mara thelathini, nikijidanganya najaza oksijeni. Nikagusa ukuta wa mbali, nikageuka, nikajiambia kumbe hii kitu ni rahisi hivi, na hapo ndio kumbukumbu inakatikia. Nilijipata kwa ukingo, mzee mmoja wa wale huogelea polepole asubuhi amenishika kidevu ananiuliza, "Kijana, ulikuwa unacheza ama ni nini?" Nikamwambia niko sawa mzee, na sikuwa sawa, midomo ilikuwa ya bluu. Laifgadi alikuwa anapanga viti. Simlaumu sana, mtu akizima chini ya maji hapigi kelele wala harushi mikono, ukimwangalia kutoka juu unaona tu mtu anabana pumzi.

Kilichonitisha hata si kuzima, ni vile sikusikia chochote kibaya kabla. Sababu ni hii. Ile hamu ya kuvuta hewa, kifua kubana, tumbo kuanza kurukaruka, hiyo kengele haipigwi na oksijeni kuisha, inapigwa hasa na kaboni dayoksaidi kujaa. Ukihema haraka kabla ya kuingia unaifukuza kaboni, lakini oksijeni haiongezeki kwa maana, damu yako ilikuwa imeshajaa tayari. Ni kama kukata waya wa ile taa ya mafuta kwa dashibodi halafu unafurahi eti gari halilalamiki, na tenki ni lile lile. Kwa hivyo mpaka wako huwezi kuusikia ukiwa ndani ya maji, lazima uwe umeuamua ukiwa mkavu, na ukishaamua hakuna kubadilisha ukiwa chini eti leo nasikia vizuri. Kusikia vizuri ndio nilisikia mimi.

Basi mpaka wa kwanza, na huu hauna mazungumzo: ukiwa peke yako, kubana pumzi majini ni sifuri. Si sekunde thelathini, si mita tano, sifuri. Watu hubishana na mimi hapa wakisema si niko kwa maji ya kiuno, nitasimama. Hutasimama, umezima! Kina hakikulindi, mtu aliyepoteza fahamu na uso uko ndani ya maji anazama kwa maji ya kiuno vile vile angezama Kilifi. Na laifgadi si mwenzako wa mbizi. Yeye anaangalia watoto ishirini na wewe, mwenzako anaangalia wewe tu.

Sasa ukiwa solo unafanya nini? Kuna mengi. Kitandani, umelala chali, unafanya jedwali la kaboni. Tuseme rekodi yako ukiwa mkavu ni dakika 2 na nusu, chukua nusu yake, yaani dakika 1 na sekunde 15, hiyo ndio utabana kila raundi. Mapumziko yanaanza dakika 2 na unapunguza sekunde 15 kila mara mpaka yafike 15, jumla raundi nane. Hapo unazoeza mwili kuvumilia kengele bila kuizima. Usifanye ukiwa umesimama, usifanye ukiendesha gari hata kama ni jam ya Thika Road na unaboeka, na bafu lenye maji ni maji pia. Mwenye kifafa, shida ya moyo ama mimba aachane nayo kwanza aone daktari. Masikio pia unaweza kuyazoeza ukiwa kwa kiti, unaziba pua na kusukuma hewa kwa ulimi wala si kwa kifua. Halafu kwa bwawa unapiga mapezi juu ya maji na snokeli mdomoni, mita 400, 600, miguu itawaka na utapumua wakati wote.

Kuna mtego wa sisi wa huku juu ambao sioni ukitajwa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, oksijeni unayovuta kwa pumzi moja ni pungufu karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Ukishuka na treni asubuhi, mchana uko Diani unabana pumzi unaona umeongeza sekunde ishirini bure, unajiona samaki. Hapo ndio watu huvimba kichwa. Mimi siku ya kwanza Pwani naenda nusu ya kina nilichozoea, hata nikisikia nina mabawa.

Pwani sasa uko na mwenzako, na sheria ni mmoja chini mmoja juu. Si wote wawili mkifuata kasa. Aliye juu hashiki simu, hapigi picha, macho kwako mpaka utoke na sekunde 30 baada ya kutoka, ju wengi huzima mita za mwisho ama wakiwa wameshatoa kichwa. Kisa ni presha: ukiwa mita 10 presha ni mara mbili ya juu, oksijeni iliyobaki kwa mapafu inasukumwa kwa damu bila shida, ukipanda presha inarudi nusu na msukumo unaisha ghafla. Ukitoka usipulize pumzi yote kwa kishindo, vuta haraka, shika kidogo, achia kidogo, rudia mara tatu nne. Kisha pumzika angalau mara mbili ya muda uliokaa chini. Mkanda wa uzito uwe mwepesi kiasi kwamba ukitoa pumzi ukiwa juu bado unaelea. Sikio likikataa, geuka, usilazimishe, na ukiwa na homa ya Julai ile ya Nairobi baki ufukweni unywe madafu.

Maji yenyewe uliza wavuvi, hawa hawana haja na programu ya simu. Wakati wa bamvua, yaani maji yakijaa na kupwa sana, mwezi ukiwa mchanga ama mpevu, maji yakitoka Mida Creek, ile hori ya karibu na Watamu, mkondo unakubeba, kusi ikivuma bahari inachafuka na mwenzako hakuoni hata ukiwa mita chache, kaskazi ndio kuna utulivu. Na usiwe na kiburi cha uzoefu. Natalia Molchanova, Mrusi aliyewahi kubana pumzi dakika 9 na sekunde 2 na kushuka zaidi ya mita 100, alipotea 2 Agosti 2015 karibu na Formentera, Uhispania, kwa mbizi ambayo kwake ilikuwa ya kawaida tu. Hakupatikana.

Mwenzako akizima: mgeuze uso juu, mdomo na pua nje ya maji, toa miwani, mpulizie hewa usoni karibu na macho, mpige kofi ndogo shavuni, mwite jina, mwambie "pumua". Wengi huamka hapo. Kama hapumui, mpe pumzi mbili mdomo kwa mdomo hapo hapo majini halafu mtoe, anza huduma ya kwanza na mtu apige 999 ama 112. Hii mnafaa kuifanyia mazoezi kwa bwawa kabla ya safari, mara kumi, mpaka mikono izoee, maana siku yenyewe kichwa kinakimbia.

Na akiamka akicheka akisema turudie, siku yake imeisha, anavuliwa mapezi. Akiwa anakohoa ama anatema povu ama damu ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anasema yuko sawa. Mimi nilisema niko sawa nikaendesha gari mpaka kazini, ujinga mtupu.