Kabla hujamwaga rangi ya akriliki kwenye kanvasi kutengeneza mchoro nyumbani, angalia haya

Glavu vaa. Nguo vaa ile usoijali, akriliki ikishakauka kwenye kitambaa ndo imehamia hapo. Tandika nailoni mezani na sakafuni, pana kuliko unavyodhani. Kanvasi iinue juu ya vikombe vinne vilivyopinduliwa ili rangi ichuruzike pembeni.

Rangi changanya na midiamu yake (kimiminika cha kulainishia akriliki ya kumwaga) taratibu, usipige kama mayai utajaza mapovu, mpaka iwe nyepesi kama asali ya vuguvugu. Usizimue kwa maji matupu, yakizidi rangi inakosa nguvu ya kushika na baadaye inabanduka. Kanvasi ya sentimita 30 kwa 30 andaa kama mililita 200 jumla, mana ikikuishia katikati ya kazi imekula kwako.

Haya, usawa. Mimi nilidharau. Meza kwa macho naiona iko sawa, nikamwaga bluu, nyeupe na dhahabu kidogo, vikatokea vile vijicho vizuri, viduara vya rangi ndani ya rangi, mpaka nikapiga picha nikawatumia watu, nikaenda kulala na furaha zangu. Asubuhi nakuta mchoro wote umeteremkia kona moja, kona ya pili kanvasi inaonekana nyeupe, na chini kuna dimbwi limeshaota utando. Kumbe mguu mmoja wa meza mfupi kidogo tu! Rangi iliyomwagwa tabaka nene vile inakaa mbichi masaa mengi, na muda wote huo inatembea, wewe unakoroma. Sasa hivi nina pima maji kama fundi ujenzi, naiweka juu ya kanvasi yenyewe sio mezani, kwa urefu alafu kwa upana, pakiinama nachomeka kipande cha boksi chini ya kikombe. Na kanvasi iliyolegea ni balaa lile lile, rangi yote inajikusanya katikati, gonga kabari za nyuma, vile vijiti vya kwenye kona za fremu, ikaze kwanza.

Mabaki usimwage kwenye sinki, hiyo ni plastiki itaganda kwenye bomba, iache ikauke kwenye kikombe uitupe. Feni zima, ikikauka haraka juu huku chini mbichi inapasuka. Tochi ya gesi ya kutolea mapovu ikae mbali na nailoni, na nywele zako. Vanishi subiri hata wiki 2 hadi 4, na kama ulitia silikoni kwenye rangi ili kupata vijicho, futa mafuta yake kwanza. Watoto, paka, vumbi, mlango unaofunguliwa ovyo... na simu usiishike na glavu zenye rangi, yangu spika imeziba dhahabu mpaka leo.