Taa za ndani ya gari la kulala zikififia, anza na ethi kabla hujanunua globu

Ndugu zangu wenye magari makuukuu ya kulala, iwe Hiace iliyotiwa kitanda na jiko la gesi au Coaster iliyotolewa viti, taa za ndani zikianza kufifia au kuchezacheza msikimbilie dukani. Mimi nilinunua globu mara mbili, fundi akazifunga na pesa yake akachukua, tukaenda zetu Makunduchi na watoto kwenye sherehe za Mwaka Kogwa, usiku tukalala giza. Kumbe ugonjwa wote ni skrubu moja ya ethi, yaani ule waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari, chini ya kitanda, imeliwa na kutu.

Kwetu Unguja adui ni chumvi. Gari ikilala Paje au Jambiani wakati wa kusi, ule upepo unapenyeza unyevu wa bahari mpaka ndani ya makabati, waya wa shaba unageuka kijani au mweusi na umeme unapita kwa taabu. Betri inaweza kuwa nzima kabisa na taa ikawaka kama kibatari.

Kwa hiyo chukua mita ya kupimia umeme, hata ya bei rahisi inatosha. Zima kila kitu, iache gari masaa kadhaa, halafu pima betri ya ndani, siyo ile ya kuwashia injini maana magari mengi ya namna hii yana betri mbili. Kwa gari la volti 12, ikisoma 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, ikiwa 12 kushuka chini basi betri ndo inalia, taa hazina kosa. Sasa washa injini upime tena, ikisoma 13.8 mpaka 14.4 inachaji vizuri. Ikibaki 12 na kitu huku betri ya kuwashia injini inapata 14, angalia fyuzi au rilei (swichi inayojiwasha kwa umeme) iliyo kati ya betri mbili. Na ikipita 15 zima injini, altaneta, ile mashine ya injini inayochaji betri, inachaji kupita kiasi na hiyo ndo sababu globu zako haziishi kuungua.

Betri nzima na taa bado hafifu? Hapa ndo pa kutulia. Tafuta waya mrefu, ncha moja funga kwenye hasi ya betri, taa ikiwa inawaka gusisha ncha ya pili kwenye waya wa ethi wa ile taa. Ikirukia mwanga ghafla umeshampata mwizi, ni ethi. Ufuate ule waya mpaka ulipofungwa kwenye bodi, fungua skrubu, sugua kwa msasa mpaka uone chuma kinang'aa, kata sehemu ya waya iliyokuwa nyeusi, funga upya kwa nguvu.

Taa moja tu ikigoma na nyengine zinawaka, kosa liko palepale, kwenye soketi, swichi au globu yenyewe. Na ukitia LED mpya isiwake igeuze kwanza, nyingi zinachagua chanya na hasi. Zikizima zote kwa pamoja nenda kwenye fyuzi. Fyuzi ikikatika tia ya ampea zilezile, ikikatika tena kuna shoti, tafuta waya uliochunika pale unapopita kwenye tundu la bati. Nawaomba sana msizungushie fyuzi iliyokatika karatasi ya sigara, ndani mule ni plaiwudi na godoro tupu, moto ukishika hamna wa kuuzima na watoto wamelala.

Kabla ya kununua chochote hakikisha volti za gari lako, Coaster nyingi za dizeli ni 24 na globu ya 12 utaiunguza siku hiyohiyo. Na kama gari imekuja kutoka Japani na chaja yake ya ndani, isome kibandiko, kule umeme wa nyumbani ni volti 100 na wetu ni 230, ukichomeka moja kwa moja unaiua. Upande huo wa 230 mimi siugusi, chomoa waya wa nje na umwite fundi umeme anayejua.

Ile skrubu ya chini ya kitanda sasa kila masika ikiisha naifungua, naisugua, nairudisha, halafu naipaka grisi juu yake.