Somo: Programu ya kutuma barua pepe, uandike mwenyewe au utumie maktaba?

Wakuu, wengi mnaniuliza kwa nini mbebe maktaba nzima (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) wakati SMTP, lugha ambayo programu hutumia kuikabidhi seva barua pepe, ina amri chache tu. Ni kweli ni chache: Jon Postel aliziandika katika RFC 821 (RFC ni hati za kanuni za intaneti) mwaka 1982, na hata leo unaweza kuzicharaza kwa mkono. Ushauri wangu ni huu: andika ya kwako mara moja ili uelewe, kisha kazi ya watu ipitie kwenye maktaba.

Hatua ya 1: ongea na seva mwenyewe. Washa seva ya majaribio kwenye kompyuta yako, ingia kwa telnet (programu ya kuongea na seva kwa kucharaza). Mistari inayoanza na namba ni majibu ya seva, mingine ni yako:

```
220 seva.example
EHLO mimi.example
250 seva.example
MAIL FROM:<mimi@mimi.example>
250 OK
RCPT TO:<wewe@seva.example>
250 OK
DATA
354
Subject: Jaribio

Habari yako.
.
250 OK
QUIT
221
```

Tazama tarakimu ya kwanza ya kila jibu. 2 ni sawa, 3 endelea, 4 jaribu tena baadaye, 5 imekataliwa moja kwa moja. Programu isiyotofautisha 4 na 5 itapoteza barua ambazo zingefika baada ya dakika kumi.

Hatua ya 2: igeuze kuwa msimbo. Fungua soketi (muunganisho na seva), tuma amri, subiri jibu lote. EHLO mara nyingi hujibiwa kwa mistari mingi: ya katikati huwa na kistari baada ya namba (250-), wa mwisho huwa na nafasi. Kila mstari ufunge kwa CR na LF (herufi mbili zisizoonekana za kumaliza mstari), zote mbili.

Hatua ya 3: nukta. Hapa tusimame kidogo. Nukta iliyo peke yake kwenye mstari ndiyo inayoiambia seva kwamba barua imekwisha. Programu yangu ilifanya kazi vizuri kwa wiki kadhaa, mpaka mtu akaandika ujumbe wenye mstari wa nukta moja tu. Mpokeaji alipata nusu ya barua, na nusu iliyobaki seva ikaisoma kama amri, ikarudisha makosa ya 500 mfululizo. Dawa yake ni kuongeza nukta moja mbele ya kila mstari unaoanza na nukta. Seva huiondoa yenyewe. Sheria imo kwenye RFC. Mimi nilikuwa sijaisoma.

Hatua ya 4: ongeza mahitaji halisi. TLS (usimbaji wa mawasiliano ili wengine wasiyasome), kuingia kwa nenosiri, herufi zilizo nje ya ASCII (herufi za msingi za Kiingereza) kwenye mada, viambatisho kwa base64, yaani kugeuzwa kuwa herufi za kawaida (vinanenepa kwa theluthi moja). Kubwa kuliko yote: mtu akiingiza mstari mpya ndani ya kisanduku cha "Mada", anaweza kujipachikia vichwa vyake (mistari ya juu ya barua kama Subject) na kuandika barua asiyopaswa kuiandika. Ukifika hapa umeshajifunza. Weka msimbo wako pembeni.

Hatua ya 5: chukua maktaba. Python inakuja na smtplib na email. PHP ina PHPMailer. Node ina Nodemailer. Ile smtplib hushughulikia nukta yenyewe, na EmailMessage hukataa mstari mpya ndani ya vichwa.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nitumie poti ipi?*
587 kwa STARTTLS (muunganisho unaanza wazi, kisha unageuzwa kuwa TLS), au 465 kama TLS inaanza tangu mwanzo. 25 waachie seva waongee wao kwa wao. Watoa huduma wengi huifunga.

*Nimetumia maktaba, bado barua zinaangukia kwenye taka. Shida nini?*
Hapo maktaba haina kosa, ndugu. Angalia SPF, DKIM na DMARC (rekodi za kuthibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli) kwenye DNS, orodha ya taarifa za kikoa chako. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanazidai zote tatu kwa wanaotuma barua nyingi.

*Maktaba nazo si zina matundu?*
Zinayo. Desemba 2016 PHPMailer ilikutwa na tundu kubwa: anwani ya mtumaji ilifika kwenye amri ya sendmail (programu ya seva ya kutuma barua) bila kuchujwa vizuri, mshambuliaji akaweza kuendesha msimbo wake kwenye seva. Tofauti ni kwamba marekebisho yalitoka ndani ya siku chache, na wewe kazi yako ilikuwa kusasisha tu. Tundu la namna hiyo likiwa kwenye msimbo wako, anayelitafuta ni wewe peke yako na huyo mshambuliaji. Kwa hiyo andika toleo unalotumia mahali unapoliona, na ulikague kila mwezi.