Ufukwe gani Unguja? Tazama mwezi kabla ya kulipia chumba

Picha nyingi za fukwe za Unguja hupigwa maji yakiwa yamejaa. Ukifika Jambiani saa 4 asubuhi siku ya bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, bahari uliyoiona kwenye picha imeshakwenda mbali, karibu kilomita nzima, hadi kwenye mwamba. Mbele yako pana mchanga uliolowa, vidimbwi vya maji ya kifundoni na majani ya bahari. Wageni wengi hapo hulalamika kwamba wamedanganywa. Hawakudanganywa, wamefika saa ambayo bahari haipo.

Sababu ni umbo la pwani yenyewe. Upande wa mashariki, kuanzia Matemwe, Pwani Mchangani na Kiwengwa, ukishuka Pongwe, Michamvi Pingwe, Bwejuu, Paje hadi Jambiani, mwamba wa matumbawe umekwenda sambamba na nchi kavu. Ndani ya mwamba bahari ina kina kifupi na sakafu yake ni tambarare. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika kama mita 4, na kwenye sakafu tambarare kushuka kote huko huacha eneo kubwa likiwa kavu. Kendwa, na Nungwi upande wa magharibi, sakafu inateremka upesi. Maji yakipwa unaongeza hatua chache tu, unaogelea. Kwa hiyo mtu mwenye siku mbili tu, asiyetaka kupiga hesabu yoyote, aende Kendwa, ingawa atakutana na hoteli nyingi na watu wengi.

Mwenye subira kidogo asiache mashariki, ila ajue mwezi uko tarehe ngapi. Kalenda ya Kiislamu inatosha. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo maji hujaa saa 10 hivi, alfajiri na alasiri, na kupwa saa 4 hivi, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa kama dakika 50. Piga hesabu: tarehe 4 ya mwezi wa Kiislamu maji yatakuwa yamepwa kabisa saa 6 na nusu mchana, na yatajaa jua likiwa linazama. Hizo ndizo siku ngumu za mashariki kwa anayetaka kuogelea mchana, tarehe 3 hadi 5 na tarehe 18 hadi 20. Siku nzuri ni tarehe 10 hadi 12 na 25 hadi 27, maji yanapojaa karibu na adhuhuri. Katikati, tarehe 8 na 22 hivi, ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, na watoto huogelea kwa utulivu. Hesabu hii inaweza kukosea kwa saa moja, kwa hiyo ukishafika muulize mvuvi yeyote au tazama jedwali la maji la Zanzibar. Popote mashariki, saa mbili kabla ya kujaa na saa mbili baada yake ndio muda wa kuogelea.

Baada ya mwezi, tazama upepo. Kusi huvuma kutoka kusini, kwa nguvu zaidi Juni hadi Septemba, na hupiga Paje, Jambiani na Kizimkazi. Wanaoteleza kwa tiara juu ya maji huifuata Paje kwa sababu hiyohiyo, na anayetaka kulala mchangani asome kitabu atachoka na mchanga machoni. Kaskazi, Desemba hadi Februari au Machi, hutoka kaskazini mashariki na kusukuma mawimbi na majani upande wa Matemwe na Kiwengwa. Kendwa inatazama magharibi, hivyo imekingwa na pepo zote mbili. Kwa kuangalia samaki kwenye matumbawe ya kisiwa cha Mnemba, ambako mashua nyingi hutoka Matemwe na Muyuni, ngojea tangambili, upepo unapobadilika na bahari kutulia. Oktoba na Novemba zinafaa kuliko Aprili, maana Aprili ni masika.

Maji kupwa yana raha yake pia, lakini hapa ndipo watu hupata shida. Ukitaka kutembea hadi mwambani, ondoka maji yakiwa bado yanatoka, na uanze kurudi kabla hayajageuka. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja: katika saa sita za kujaa, nusu nzima hupanda saa ya tatu na ya nne. Tena hayaji kutoka mbele pekee. Mifereji iliyo karibu na ufuo hujaa kwanza, nawe ukiwa bado unatazama viumbe vidimbwini, nyuma yako pameshakuwa na maji ya kiunoni yenye mkondo. Vaa yeboyebo au viatu vinavyoshika mguu. Ndala huchomoka kwenye tope, na ukikanyaga mdudu mwenye miiba mirefu myeusi, miiba hukatikia ndani. Ukiona vijiti vimechomekwa kwa safu na kamba zimefungwa katikati, hilo ni shamba la mwani. Kina mama wa Paje na Jambiani wanalima mwani tangu 1989, na kamba moja ukiikanyaga umeharibu kazi ya wiki kadhaa. Zunguka.

Anayetaka jua likizama baharini asikae Paje, kwani Paje inatazama mawio. Michamvi Kae, upande wa pili wa rasi ya Michamvi, inatazama magharibi. Pongwe ni ghuba ndogo yenye utulivu. Kizimkazi watu huenda kwa ajili ya pomboo, na kwa kuogelea si chaguo la kwanza.

Kabla ya kutuma pesa, iulize hoteli maswali matatu: ufukwe wenu unatazama upande gani, maji yakipwa mtu anaogelea wapi, na bei ya mkaazi ni kiasi gani. Wakijibu la pili kwa kusema wana bwawa, umeshajua. Kutoka mjini, daladala 116 huenda Nungwi, 118 Matemwe, 309 Jambiani kupitia Paje na 324 Bwejuu. Ondoka mapema, maana jioni hupungua, na weka kanga ya kujistiri juu ya mkoba: kutoka kituoni hadi ufukweni utapita katikati ya kijiji cha watu.