Kabla ya kukaza pete za darubini, zisukume mbele

Unafunga darubini kwenye bunduki ya kuwindia yenye reli ya Picatinny (reli iliyokatwa mifereji ya kukingama juu yake)? Hakikisha haina risasi, weka pete (vishikio vinavyoikumbatia darubini) kwenye reli, kisha sukuma kila moja kuelekea mdomo wa mtutu mpaka kipingo chake cha chini kiguse ukuta wa mbele wa mfereji. Ishikilie hapohapo, ndipo ukaze. Risasi ikitoka, bunduki hupiga teke kuja begani, lakini darubini kwa uzito wake hutaka kubaki ilipokuwa. Kwa hiyo juu ya reli ni kama inavutwa mbele. Ukiacha nafasi, hata nusu milimita, pete itajisogeza yenyewe na shabaha itahama, nawe utabaki kuilaumu darubini (wengi hufanya hivyo). Mbinu hii haifai kwenye reli laini isiyo na mifereji. Bunduki ya upepo ya springi nayo ina tabia yake: hurudi nyuma kisha hurushwa mbele, na darubini huishia kutambaa nyuma, kwa hiyo itafutie pete yenye pini ya kuizuia. Na pete ya milimita 30 haishiki darubini yenye bomba la kipenyo cha milimita 25.4, ukaze utakavyo.