Jinsi ya Kuomba Nafasi ya Shahada ya Uzamili katika Historia

Mwaka 1440 Lorenzo Valla, mwanazuoni wa Kiitalia, alionyesha kwamba hati iliyodaiwa kuwa ya Kaisari Konstantino, ambayo kwa karne nyingi ilitumiwa kutetea mamlaka ya kidunia ya Papa, ilikuwa ya kughushi, kwa kuwa ilitaja vyeo ambavyo serikali ya Roma ya karne ya 4 haikuwa navyo. Madai ya ardhi, mipaka na utawala yanaendelea kujengwa juu ya karatasi za zamani hadi leo, na ndiyo maana jamii inahitaji watu waliofundishwa kuzihoji. Uzamili ndipo wengi wanapoanza kuifanya kazi hiyo wenyewe.

Anza na swali kabla ya kuchagua chuo. Historia ya kodi za wakoloni ni mada pana mno. Lakini ukiuliza kwa nini wakulima wa wilaya moja waligoma kulipa kodi mwaka fulani, tayari unajua utafute majalada ya kodi, kumbukumbu za mahakama na masimulizi ya wazee. Kisha mwandikie mtunza nyaraka uulize kama majalada hayo yapo na kama yako wazi kwa watafiti, maana serikali nyingi huyafunga kwa muda. Uingereza ilikuwa na kipindi cha miaka 30, na mwaka 2013 ikaanza kukipunguza hadi 20.

Hatua inayofuata ni kumtafuta msimamizi aliyebobea katika eneo lako na kumtumia barua fupi yenye swali na vyanzo vyako.

Andiko la utafiti ndilo linalopima zaidi uwezo wa mwombaji. Taja wanahistoria waliokutangulia na pengo waliloliacha, halafu ueleze kila chanzo kimeandikwa na nani, kwa ajili ya nani, na mwandishi alikuwa na sababu gani ya kuficha jambo. Ukikusudia kuwahoji watu, eleza utakavyopata ridhaa yao.

Ambatisha vyeti, nakala ya matokeo na barua za wadhamini, ambao ni vyema wapewe andiko lako mapema, kisha ulipe ada na kutunza risiti.

Ukiitwa kwenye usaili, huenda ukaulizwa utafanya nini endapo jalada unalolitegemea litakuwa limepotea, hivyo nenda ukiwa na chanzo cha pili ulichokwisha kukihakiki.