Jinsi ya Kukata Rufaa Mahakama Kuu Dhidi ya Hukumu ya Deni la Biashara

Mwongozo huu ni wa mfanyabiashara wa Tanzania Bara aliyeshindwa katika shauri la deni lililosikilizwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, na ambaye rufaa yake inakwenda Mahakama Kuu. Shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo lina njia yake: rufaa hupelekwa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

Kwanza hakikisha kwamba hukumu yenyewe inakatiwa rufaa. Iliyotokana na makubaliano ya pande zote haikatiwi, na uamuzi mdogo uliotolewa njiani bila kulimaliza shauri nao kwa kawaida haukatiwi. Aliyehukumiwa kwa ushahidi wa upande mmoja huanza kwa kuiomba mahakama ileile iitengue hukumu hiyo.

Siku hukumu inaposomwa, au kesho yake, iandikie mahakama barua ya kuomba nakala zilizothibitishwa za hukumu, dikrii (hati fupi inayotaja nani amlipe nani na kiasi gani) na mwenendo wa shauri, kisha ubaki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa siku 90 za kukata rufaa, na siku zilizohitajika kupata nakala ya dikrii hazihesabiwi. Lakini ukibishaniwa juu ya muda, barua hiyo ndiyo itakayokusemea. Ukichelewa, itakubidi kwanza uombe kuongezewa muda na ueleze sababu za kutosha za kuchelewa, na shughuli nyingi za dukani si mojawapo.

Ukikabidhiwa dikrii, isome palepale masjala. Tarehe yake iwe ya siku hukumu iliposomwa, si ya siku hati ilipochapwa. Majina na kiasi vilingane na hukumu. Ukiona kosa, omba lirekebishwe kabla ya kuwasilisha rufaa, kwa sababu dikrii mbovu humpa mpinzani pingamizi la awali asilolitolea jasho.

Hati ya rufaa huandikwa kwa sababu fupi zenye namba, bila hoja wala masimulizi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tuseme unadaiwa shilingi milioni 48 za saruji. Kuandika kwamba “hakimu alikosea kisheria na kimantiki” hakumwambii jaji lolote. Andika kwamba mahakama ilikosea kulihesabu deni kwa hati za kupokelea mzigo zisizo na saini ya mtunza ghala wako, au kwamba haikuyazingatia malipo yaliyothibitishwa na taarifa ya benki iliyopokelewa kama kielelezo. Sababu usiyoiandika hutaweza kuitetea bila ruhusa ya mahakama, na risiti uliyoisahau nyumbani haipokelewi rufaani ila kwa masharti magumu.

Ambatanisha nakala ya hukumu na dikrii, wasilisha kupitia mfumo wa kielektroniki wa usimamizi wa mashauri wa Mahakama, upate namba ya malipo na ulipe ada siku hiyohiyo, kwani ada iliyochelewa huzua ubishi juu ya tarehe ya kufunguliwa kwa rufaa. Kisha mjibu rufaa, yaani mpinzani wako, apelekewe nakala.

Rufaa peke yake haizuii kukazwa kwa hukumu, yaani kutekelezwa kwake. Dalali wa mahakama anaweza kufika kukamata gari la mizigo huku rufaa yako ikisubiri kupangiwa jaji, kwa hiyo wasilisha mapema maombi ya kusitisha utekelezaji yenye kiapo. Utatakiwa kuonyesha hasara kubwa itakayokupata, kwamba hukuchelewa kuomba, na dhamana utakayoiweka. Ya benki ndiyo inayozua maswali machache.

Kwenye usikilizwaji, iwe kwa mdomo au kwa maandishi, Mahakama Kuu huupima upya ushahidi wote. Inaweza kuithibitisha hukumu, kuibadili, kuitengua, au kuamuru shauri lisikilizwe upya. Asiyeridhika na uamuzi huo, ukiwamo wewe, ana siku 30 za kuwasilisha taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama ya Rufani, na barua ya kuomba nakala huandikwa tena ndani ya siku hizohizo.